Asiyeandikwa Hatoki

Saa moja na nusu asubuhi, mizigo ilikuwa inapimwa kwenye geti la juu la Njia ya Mgongo, kule Uporoto. Mizani ilikuwa imening'inizwa kwenye tawi la mti wa msindano. Kila mpagazi alitundika furushi lake, akasubiri mshale utulie, akalishusha. Kilo ishirini ndiyo mwisho. Aliyezidisha alipunguza, na aliyepungukiwa aliongezewa viazi, kwa kuwa huko juu hakuna aliyewahi kukosa viazi.

Juu ya geti kulikuwa na vibao viwili vya bati. Cha kwanza kilisema: ASIYEANDIKWA HAINGII, ASIYEANDIKWA HATOKI. Kampuni ilikiweka kwa ajili ya wapasua mbao wa wizi, na wapasua mbao walikisoma vizuri, wakawa wanapita chini ya waya hatua thelathini upande wa kushoto. Kibao cha pili kilisema: TANGU NJIA IFUNGULIWE, VIFO 0. Ile sifuri ilikuwa imepakwa rangi upya.

Nyamizi alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Alikuwa amevaa masweta mawili, na chini ya kitenge suruali ya mumewe. Ametoka Usangu, kwenye mpunga na joto, na meno yake yalikuwa yanagongana tangu alfajiri. Kiongozi wa msafara, Mnyakyusa mmoja mpole aitwaye Asukile, alimsogelea akamwinamia sikioni.

"Dada, nafasi yako ina jina la Joyness. Joyness anaumwa tumbo. Wakiita Joyness, wewe sema nipo."

"Mimi naitwa Nyamizi."

"Najua, dada. Lakini orodha imeshatoka ofisini. Ni siku tisa tu. Jina la mtu halikuchomi."

"Na Baba Sayi ulimwambia hivyohivyo?"

Asukile akaangalia viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri, vya mgeni mmoja wa msimu uliopita.

Baba Sayi ndiye mume wa Nyamizi. Mwezi wa saba aliletwa hapa kuziba nafasi ya mpagazi aitwaye Peter, wa Soweto pale Mbeya, aliyekuwa na malaria. Wapagazi huazimana majina kama watu wengine wanavyoazimana jembe. Karani akaita "Peter!", Baba Sayi akasema "Nipo!", akaandikwa Peter, akagongewa muhuri, akakabidhiwa choo cha wageni. Choo chenyewe kilikuwa cha kukunja: kiti, ndoo yenye mfuniko, na kihema chembamba kirefu kama sanduku la saa ya ukutani. Alipewa na koti, lakini zipu yake ilikuwa haifungi.

Siku ya tano, asubuhi, kwenye kambi ya mianzi, umande uliganda ukawa mweupe kama chumvi, na Baba Sayi akakutwa amekaa juu ya mzigo wake, amekufa kwa baridi. Asukile alimfumba macho. Wageni nao walikuwa wanatetemeka, kwa hiyo wakakubaliana watangulie, watu warudi kumchukua jioni. Walipofika kambi iliyofuata walimkuta ameshafika. Kihema cha choo kilikuwa kimesimama, kamba zimekazwa, na mwenyewe amekaa kando, mikono kwenye magoti, hapumui.

Wakamwacha afanye kazi.

Meneja alipopigiwa simu aliuliza kama mzigo ulifika. Akaambiwa umefika. Akasema mtu aliyefikisha mzigo hawezi kuwa amekufa, na kwamba Asukile apunguze kukaa kwenye mwinuko.

Siku ya tisa, Peter mwenyewe, malaria imepona, alipanda basi hadi Nyololo, akachukua pikipiki hadi geti la chini, akatoa kitambulisho chake akaandikwa ametoka. Ndivyo ilivyo desturi: anayeingia ni mgongo, anayetoka ni kitambulisho. Kitabu kikawa sawa. Peter kaingia, Peter katoka. Baba Sayi alitua mzigo ndani ya geti, akasimama kidogo kama anasikiliza, halafu akageuka akapanda tena mlima, kwa sababu hakuandikwa, na walio hai ndio wanaopita chini ya waya. Marehemu hufuata sheria.

Tangu hapo alikuwa amebeba choo misafara saba. Baridi ya juu ilimtunza kama inavyotunza viazi.

Kule Usangu, habari zilipowafikia kwa wapagazi, Bujiku, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa amesema neno moja tu, na alilisema mbele ya wazee: hakuna harusi ya binti Sayi wakati baba yake bado anatembea. Azikwe kwanza. Mchumba wa Sayi alikuwa mtu mzuri, lakini hata mtu mzuri anasubiri msimu mmoja, hasubiri miwili. Na leo ilikuwa tarehe ishirini na mbili Oktoba. Huu ulikuwa msafara wa mwisho kabla ya mvua. Tarehe thelathini kitabu cha geti kingefungwa, kingepakiwa kwenye gari la ofisi, na msimu ujao kingeletwa kipya. Atakayekuwa hajatoka kwenye kitabu hiki, hatakuwa na kitabu cha kutokea.

"Nisipoandikwa jina langu," Nyamizi alimwambia Asukile, tena bila kunong'ona, "nakwenda kwa wageni wako pale nawaambia nani anawasimamishia choo."

Wageni walikuwa wawili, mume na mke, watu wazima wenye fimbo nne. Walikuwa wanapiga picha mizani.

"Dada!"

"Kiingereza changu ni cha darasa la tano. Lakini neno la maiti nalijua, na la choo nalijua."

Asukile akaenda kwa karani. Joyness akakatwa kwa mstari, na chini kabisa ya ukurasa, namba thelathini na moja, ikaandikwa Nyamizi, Ke, ikagongwa muhuri. Nyamizi hakuondoka pale mezani.

"Na mume wangu naye aandikwe."

"Yuko wapi?" karani akauliza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mafua.

"Yuko ndani."

"Kama yuko ndani, ameshaingia."

"Hakuandikwa."

"Kama hakuandikwa, hakuingia." Akapenga kamasi. "Mama, siwezi kumwingiza mtu aliye ndani, wala siwezi kumwandika ambaye hakuingia. Muhuri huu ni wa kuingilia tu. Kamtoeni huko chini."

Hakufika hata kwenye kuuliza jina. Na angeuliza, asingelipata kwa urahisi. Nyamizi alilelewa na bibi yake, na kwa bibi yake mke hamwiti mume kwa jina. Humwita baba wa mtoto, miaka yote, wakicheka na wakigombana. Jina lenyewe hulitaja mara moja tu, kaburini, kabla ya kutupa udongo. Analitaja, maana yake amekubali. Kwa hiyo kwa miaka ishirini na moja Nyamizi alikuwa na jina la mumewe mdomoni, hajalitema. Na Asukile hakulijua, maana hakuwahi kuuliza. Mlima mzima hapakuwa na mtu aliyelijua.

Kitabu kikaingia kwenye mfuko wa nailoni wa Asukile, nao wakaingia getini.

Mzigo wa choo haukuwapo tena kwenye mizani. Ulikuwa umewekwa ndani ya geti mapema, karibu na jiwe, na mwenyewe alikuwa ameshauchukua. Nyamizi alimwona mbele, kwenye mgongo wa pili wa mlima, mdogo kama nukta, kihema kirefu kimesimama mgongoni. Akamjua kwa mguu wa kushoto, ambao ng'ombe aliwahi kuukanyaga.

"Baba Sayi!" aliita.

Hakugeuka.

"Hata mimi nimemwita Peter mpaka nimechoka," Asukile alisema. "Hageuki. Na hakai. Tukitoka yeye ameshatoka. Tukifika yeye ameshafika. Getini anatua, anageuka, sisi tuko nusu saa nyuma."

"Basi nitamkimbilia."

"Wapagazi wote wamejaribu, dada. Wengine walitaka kumdai sigara zao."

Alimkimbilia siku nne. Siku ya kwanza kwenye nyasi ndefu, akiwa na masufuria mgongoni yanayogonga kama kengele za ng'ombe. Siku ya pili kwenye upepo, ambako wageni walitembea wameshikana mikono na Asukile akashikilia kofia na kitabu. Siku ya tatu mvua ya mapema iliwashukia, njia ikawa utelezi, na Nyamizi akaanguka mara tano. Mara zote tano alipoinua kichwa aliona kihema kile kinapanda bila haraka, mbele kwa umbali uleule. Aliyekufa hapumziki, wala hasimami kukojoa. Hilo peke yake lilikuwa linampa nusu saa.

Kwenye kila kambi alimkuta amekaa upande wa pili wa kijito au wa korongo, akiangalia bondeni ambako Usangu ingeonekana kama kusingekuwa na ukungu. Akivuka, yeye alikuwa anainuka na kuhama kidogo, kwa adabu, kama mtu anayempisha mwanamke njiani. Wageni waliandika kwenye kitabu cha maoni kwamba huduma ya choo ilikuwa ya kiwango cha juu sana.

Siku ya tano walipita kambi ya mianzi. Umande ulikuwa umeganda tena. Wapagazi hawakusimama. Mpishi alimwaga chai kidogo mahali fulani, akaendelea.

"Ni hapa?" Nyamizi akauliza.

"Hapa," Asukile akasema. "Zipu ilikuwa haifungi, dada. Niliiandika kwenye ripoti. Niliandika zipu."

"Uliandika zipu."

"Ripoti ina nafasi ya vifaa. Haina nafasi nyingine."

Nyamizi aliinama akagusa nyasi, halafu akavuta suruali vizuri, akatembea. Siku hiyo hakukimbia. Alikuwa anahesabu. Zimebaki siku nne, na mtu asiyechoka hakimbizwi. Siku ya sita hakukimbia, wala ya saba. Asukile akadhani amekubali, akapumua. Alikosea kupumua.

Siku ya nane jioni, jua bado liko juu ya mlima, Nyamizi alimkuta anakagua kamba.

"Kaka, Baba Sayi mzigo wake anaufunga nani?"

"Sisi. Asubuhi tunakunja, tunafunga, tunauweka mbali kidogo. Anakuja anauchukua."

"Anaufungua kuangalia?"

"Mpagazi hafungui mzigo. Ni kanuni."

"Basi kesho mtanifunga mimi."

Asukile akakaa chini.

"Kilo zako ngapi, dada?"

"Tangu lini unaniuliza kilo? Nilipokuja kwa miguu ulipima masufuria, si mimi."

"Akikutupa korongoni?"

"Miaka ishirini na moja hajanitupa. Akianza kesho, nitajua amekufa kweli."

"Na ukikohoa? Mzigo ukisema, mpagazi anautua. Akitua njiani, anakwenda mikono mitupu, na sisi hatumpati tena. Kesho ni tarehe thelathini, dada. Gari la ofisi linaondoka na kitabu saa nane mchana."

"Sitakohoa."

Asubuhi walimkunja magoti kifuani, wakamzungushia turubai la kihema, wakamfunga kwa kamba za manila, kiti cha choo juu, ndoo kando. Mpishi alimwachia tundu la pua. Wakambeba watu wanne wakamweka kwenye jiwe, wakaondoka bila kugeuka nyuma, maana mtu haangalii jambo kama hilo.

Akasikia nyayo. Mguu wa kushoto ulikuwa unaburuta. Mikono ikashika kamba. Ikajaribu mara moja, ikaacha. Nyamizi alibana pumzi. Mikono ikashika tena, na dunia ikapinduka, akawa mgongoni.

Mgongo ulikuwa baridi kama sakafu. Haukupanda wala kushuka kwa pumzi. Lakini ulikuwa mgongo uleule, na kile kifupa kilichotokeza chini ya shingo kilimchoma ubavuni kama kilivyokuwa kikimchoma kitandani. Akakitukana kimyakimya, kama zamani.

Baba Sayi alishuka taratibu. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba alikuwa taratibu. Kilo ni kilo. Kwenye ngazi za magogo, ambako njia inashuka kama ukuta, mguu wa kushoto uliteleza. Nyamizi alisikia mawe yakiporomoka na kuporomoka, na hakusikia yalipofika. Wakaning'inia pale. Kamba ikamkata mapaja. Siafu mmoja aliingia kwenye tundu la pua, akatafakari, akauma. Nyamizi aliuma ulimi. Machozi yakatoka, sauti haikutoka. Mguu ukapata gogo. Wakashuka.

Halafu akaanza kusikia mluzi. Ulikuwa ule wa kuswaga maksai wakati wa kulima, kupandisha mara mbili na kushusha mara moja. Maiti haina pumzi ya kupiga mluzi, lakini ulisikika, na aliupigia mzigo wake mpaka chini. Nyamizi alikuwa na maneno mengi ya kumwambia mgongoni pale. Hakusema hata moja, na hicho ndicho kitu kigumu kuliko vyote alichowahi kufanya kwenye ndoa ile.

Geti la chini lilikuwa na benchi, meza, mizani ya kusimamia, na vibao viwili kama vya juu. Karani wake aliitwa Yudith, binti wa Mlandege pale Iringa, mwenye mwandiko mzuri. Gari la ofisi lilikuwa limewasha injini. Asukile na wenzake, kwa mara ya kwanza, walikuwa wametangulia, na wote walikuwa wamekaa kwenye benchi wameangalia njia, kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Baba Sayi akatokea. Akaja mpaka kwenye mizani, akatua mzigo kama anavyotua siku zote. Mshale ukazunguka.

"Kilo hamsini na tatu!" Yudith akasema. "Choo gani hiki?"

Baba Sayi akageuka kuondoka.

"Nifungueni!" mzigo ukasema.

Mpishi alikata kamba kwa kisu cha vitunguu. Nyamizi alijaribu kusimama, miguu ikawa imekufa ganzi, akabaki amepiga magoti kwenye mizani. Mumewe alikuwa ameshafika kwenye kona, anapanda, mikono mitupu.

"Baba Sayi!"

Hakugeuka. Dereva akapiga honi.

Akavuta pumzi. Aliona udongo ulivyo mwekundu pale chini, na hakuutaka. Kisha akalitoa.

"Shija!"

Mtu akasimama kwenye kona.

"Shija!"

"Nipo," akasema. Sauti ilikuwa na kutu.

Akarudi, akasimama mbele ya meza kama mwanafunzi. Wapagazi walivua kofia, nusu kwa heshima na nusu kwa kuwa ndio kwanza wanalisikia jina lake. Yudith alichukua kalamu, akasalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, baba. Shija nani vile? Basi, Shija." Akafungua kitabu kutoka nyuma kwenda mbele, Oktoba, Septemba, Agosti, Julai. Akarudi tena. "Hayumo."

"Aliingia kama Peter," Asukile akasema.

"Peter alitoka. Nilimwandika mimi, na kitambulisho nilikiona. Siwezi kumtoa Peter mara mbili."

"Basi mwandike hapo chini," Nyamizi akasema.

"Mama, mstari wa kutoka unataka mstari wa kuingia wenye muhuri wa juu. Muhuri uko juu. Ni siku tisa." Akaangalia gari. "Ni mwongozo. Mimi nimepewa tu."

"Una mstari gani ulio wazi?"

Yudith akapitisha kidole ukurasani. Wengine wote walikuwa wameshatiwa tiki kabla mzigo haujafika.

"Namba thelathini na moja. Nyamizi, Ke."

"Mtoe kwa huo."

Benchi zima likainua vichwa. Hata dereva aliacha honi.

"Mama, nisikilize," Yudith akasema taratibu. "Nikimtoa baba kwa jina lako, Nyamizi atakuwa ametoka. Wewe utabaki ndani, na hutakuwa na jina la kutokea. Unanielewa?"

"Nimekuelewa, mwanangu. Yeye ana jina tu. Mimi nina miguu."

Yudith akaandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kweli. Akachana hati ya kutoka, akaisoma kwa sauti kama inavyotakiwa: "Nyamizi, Ke, kilo hamsini na tatu, ametoka salama." Hati zote zilichapwa zikiwa na maneno hayo mawili ya mwisho, kuokoa wino.

Shija akapita getini. Akafika kwenye benchi, wakampisha, akalala, akanyoosha ule mguu wa kushoto. Hapo ndipo alipokufa kama watu wanavyokufa, na ndani ya robo saa ilibidi kumwondoa juani.

Nyamizi alitembea hatua thelathini kushoto, akakunja kitenge, akapita chini ya waya. Hakuna aliyemwona, kwa maana ya kwamba wote waligeuza shingo.

Gari la ofisi liliondoka na kitabu saa nane na dakika tano. Shija alishushwa kwa pikapu ya mfanyabiashara wa viazi mpaka Nyololo, na kutoka Nyololo akapata lori la kwenda Usangu. Njia nzima Nyamizi alikaa naye nyuma, amemwekea kiti cha choo pembeni asigongwe, maana Asukile alikuwa amewapa hicho kama rambirambi.

Kijijini walihitaji kibali cha mazishi. Aliyekiandika alinakili jina kutoka kwenye karatasi pekee waliyokuja nayo, ile hati ya kutoka. Kwa hiyo kaburini Bujiku, aliyesoma mpaka darasa la saba na anapenda kusoma, alifungua kibali akasoma kwa sauti: "Marehemu Nyamizi, jinsi ya kike." Wanawake walilia. Mmoja alimkumbatia Nyamizi akamwambia amempoteza mtu muhimu sana. Nyamizi alishukuru. Akachukua udongo, akalitaja jina la mumewe mara ya tatu. Bibi yake angemgombeza kwa kuzidisha mbili.

Harusi ya Sayi ilikuwa Desemba. Kwaya iliimba wimbo mmoja kumkumbuka mama wa bibi harusi, aliyetangulia mbele ya haki, na mama alicheza mpaka viatu vikakatika. Zahanati walimwambia kadi yake imefungwa. Wakati wa kuandikisha wapiga kura walimwonyesha jina lake, likiwa na mstari juu yake. Hakugombana nao. Alirudi kwenye mpunga wake, ambao haukuwahi kumuuliza jina.

Mwezi wa sita, msimu ulipofunguliwa, vibao vilipakwa rangi upya. VIFO 0. Kampuni ilikuwa imechunguza, ikaona kwamba marehemu Nyamizi alitoka getini salama, kwa hati, na akafia nyumbani kwao Usangu, ambako hakuhusiani na mlima. Zipu zilikuwa bado zilezile.

Asubuhi moja, saa moja na dakika kumi, simu ya Nyamizi iliita. Nyuma ya sauti ya Asukile alisikia mnyororo wa mizani.

"Dada, ugonile, umeamka salama? Samahani kukusumbua. Joyness anaumwa tena. Nimewaza, kwa vile wewe sasa huna jina, hata hutapata tabu kuitikia lake."

Nyamizi alikuwa amesimama tope magotini. Alifikiri kidogo, siyo sana.

"Mwambie Joyness apone," alisema, akakata simu.

Asukile akaita watu waliosimama nje ya geti wakisubiri nafasi. Kulikuwa na mwanamke mmoja mgeni mlimani, kandambili miguuni. Saa moja na nusu, kabla mshale wa mizani haujatulia, karani aliita "Joyness!" na yule mwanamke akasema "Nipo!" mara ya kwanza tu, bila kufundishwa.